Mama Mkwe Anashibia Wapi

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asijisumbue kulitafuta. Habari ni fupi, na ni chungu. Dorkas, binti wa Iguguno, fundi cherehani, anaishi Mandewa mjini Singida na mumewe Sostenes na binti yao mdogo, Flora. Mama Raheli, na Raheli ni jina lake mwenyewe, mama mzazi wa Sostenes, aliletwa kwao kutoka Nduguti alipofiwa na mumewe. Tangu afike, hali chakula cha mkwewe. Anamega matonge mawili, anasukuma sahani, anashukuru, anaingia chumbani.

Dorkas amebadili mboga, amebadili unga, amebadili hata masufuria. Tulipomwacha alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na bakuli la kuku wa nazi, pishi alilofundishwa na mwanamke mmoja wa Tanga, na Mama Raheli ameonja mchuzi kwa ncha ya kidole akasema unanuka sabuni.

Sostenes hakugomba. Si mtu wa kugomba. Ni msimamizi wa mashine kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, na kelele za huko humtosha. Alisubiri mama yake aende kulala, ndipo akamwambia mkewe kwamba baba yake mdogo, mzee Hezekia, anakuja Jumapili ya wiki ijayo. Habari zimeshafika Nduguti kuwa mjane wa kaka yake anashinda na njaa mjini, kwa mwanawe wa kumzaa.

"Akimkuta mama hali, atamrudisha kijijini," alisema. "Na akimrudisha, na wewe utakwenda ukampikie hukohuko."

"Na cherehani yangu?"

"Cherehani haijazaa mtu."

Akachukua kofia akatoka. Dorkas alibaki kwenye kigoda, kuku anapoa mbele yake. Hasira ilimpanda, ikashuka, ikabaki hofu. Ile nafasi yake ya kushonea barazani, nje ya duka la vitambaa karibu na soko kuu, aliipata kwa kubembeleza. Akiiacha mwezi mmoja tu, atarudi akute mwingine amekaa.

Basi wiki ile Dorkas aliuzunguka mji kama mtu aliyedondosha kitu. Saa ya chakula ikifika, anaifunika cherehani kwa khanga, anamwachia wateja Martha, fundi mwenzake, anaondoka. Hoteli yoyote aliyosikia inasifiwa, aliingia.

Stendi alikunywa supu ya makongoro katikati ya makondakta, akamwuliza mpishi anatia nini humo. Mpishi akasema anatia moto na subira. Dorkas alinunua makongoro, akakaa nayo motoni mpaka yakalainika kabisa. Mama Raheli akasema amezeeka, hana ugomvi tena na mifupa.

Alifika mpaka kwenye mkahawa mpya unaotazama ziwa Kindai, wenye viti vya kuzama, ambako vijana hukaa wawiliwawili, kila mmoja na simu yake. Kahawa ililetwa ina povu lililochorwa jani. Alilitazama lile jani, akaona huruma kulinywa. Kuku wa pale amevikwa unga akakaangwa mpaka akawa kama andazi. Dorkas aliomba aone jikoni, akaambiwa wateja hawaingii. Alirudi nyumbani akabahatisha. Flora alishangilia. Mama Raheli aliubandua ule unga taratibu, kama anayemvua mtoto nguo, akala kipande cha ngozi, akashukuru.

Pilau ya kule Unyankindi ilimchoma koo. Samaki wa ziwani walikuwa na miiba. Hata mlenda, ambao Dorkas aliupika vilevile kama mama yake anavyoupika Iguguno, nao ulisukumwa.

Utulivu ukamtoka. Akikaa anataka kusimama, akisimama hajui alikuwa anaendea nini. Alimshonea mteja sketi, zipu akaiweka mbele. Alianza kunusa mikono yake mwenyewe, akijiuliza kama pengine ndiyo yenye ubaya.

Martha ndiye aliyemfumbua macho.

"Mwenzangu, mimi nakuonea huruma," Martha alisema, sindano mdomoni. "Lakini yule bibi nilimwona kanisani. Mtu mwenye njaa hapendezi vile."

Dorkas akasimamisha gurudumu la cherehani. Alikumbuka kwamba siku si nyingi zilizopita, Mama Raheli alimpa gauni lake la kitenge amwachie mishono ya ubavuni lipanuke. Alisema limerudi kwa kufuliwa. Dorkas aliamini, akaachia mishono yote iliyokuwapo, na gauni bado likambana.

Kumbe mtu ananenepa.

Mama Raheli alikuwa amewaambia kwamba kila mchana huenda kwenye maombi ya wajane. Kesho yake Dorkas hakwenda kazini. Alijibanza kwenye genge la jirani, akasubiri. Mama mkwe akatoka, amejifunga khanga mpya, anatembelea fimbo, mwendo wa mgonjwa. Alipofika kwenye kona akampungia mkono dereva wa bodaboda, akampa ile fimbo amshikie, akapanda upande kama msichana, akaondoka.

Dorkas naye akasimamisha pikipiki. Alimwambia dereva amfuate yule bibi, ila asimkaribie. Dereva aliuliza kama bibi ameiba.

"Bado sijajua," alijibu Dorkas.

Kanisani walipita bila hata kupunguza mwendo.

Safari iliishia Misuna, nyuma ya soko la vitunguu. Pana hoteli pale ya mabati matupu, upepo wa Singida ukivuma mabati yanagongana. Ukutani pameandikwa kwa rangi, Kwa Mama Jeni. Ndani palijaa wapakiaji wa magunia na madereva wa malori. Mama Raheli hakuwemo. Dorkas alikaa pembeni, akidhani amempoteza.

Msichana mmoja wa darasa la tano au la sita, bado na sare ya shule, alimwamkia akamwuliza atakula nini. Dorkas alimtazama akaona kama anamfahamu, asijue ni kutoka wapi. Aliletewa ugali wa uwele, mlenda wa karanga na paja la kuku wa kienyeji aliyebanikwa kwanza, kisha akaungwa.

Alimega kwa kuonja tu. Akamega tena. Alipokuja kushtuka, sahani ilikuwa inang'aa, na alikuwa amesahau kilichomleta.

Ndipo akasikia kicheko, nyuma ya pazia la jikoni. Cheko nene, la tumboni, la mtu aliyeshiba. Mama Raheli hajawahi kucheka hivyo nyumbani kwake, hata siku moja.

Dorkas alinyanyuka, akafunua pazia.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, ndala pembeni, miguu kainyoosha, bakuli mapajani, anatafuna mfupa wa kuku mpaka unalia. Kando yake mwanamke mnene kidogo anasonga ugali. Mwanamke yule alikuwa na paji la uso la Sostenes. Alikuwa na masikio ya Sostenes. Hata kule kukunja midomo akiwa kazini, kulikuwa kwa Sostenes.

"Shikamoo, mama," alisema Dorkas.

Mama Raheli aliushusha mfupa. Mwiko ulisimama kwenye sufuria.

"Marahaba, Mama Flora," alisema mwishowe. "Kaa. Usisimame juu ya watu wanaokula."

Mwanamke wa mwiko alimtazama mgeni juu mpaka chini, akasema, "Kumbe ndiye wifi."

Dorkas aliomba aambiwe yeye ni nani. Akajibiwa ni Elina, mtoto wa kwanza wa Mama Raheli, dada yake Sostenes tumbo moja. Dorkas akasema haiwezekani. Alipoolewa aliambiwa Sostenes alikuwa na dada, lakini alishafariki.

"Nilikufa na nini?" Elina aliuliza.

"Homa."

"Homa," Elina akarudia, akageuza ugali.

Mama Raheli ndiye aliyeeleza, kwa Kinyiramba, taratibu, akinawa mikono. Elina aliozwa kwa Gaspari, mrina asali wa Rungwa, mbali kule kwenye mapori, kwa ng'ombe waliojaza zizi. Gaspari alikuwa na mkono mwepesi. Alimpiga mpaka sikio la kushoto likaacha kusikia. Elina akatoroka, akarudi kwao, na Gaspari akafuata ng'ombe wake. Baba mtu akawarudisha. Kwa aibu ile aliwaita wazee, akaapa mbele yao kwamba hana binti wa jina hilo, na yeyote wa nyumba yake atakayemtaja au kula naye, naye si wake. Akafa na kiapo chake.

Lakini wale ng'ombe walikuwa na kazi. Walikuwa wamepangiwa mahari ya Sostenes, kwa msichana aliyeitwa Febronia. Waliporudi Rungwa, Febronia alisubiri mavuno mamoja, kisha akaolewa na mwalimu.

"Ndipo baadaye mwanangu akaja kukuoa wewe," alimalizia Mama Raheli, kama anayesema mvua ya kwanza ilikatika, ikaja nyingine.

Dorkas hakuwahi kulisikia jina la Febronia. Lilimwingia kama mwiba wa mguuni, ule usiouona ila kila ukikanyaga unakumbuka. Lakini alikuwa na lake la karibu zaidi.

"Mama, mimi nasemwa hadi Nduguti kwamba nakushindisha na njaa."

Mama Raheli alionekana kushangaa kweli. Alisema yeye hakuwaza hilo. Alikuwa akifika nyumbani ameshiba, na mtu hawezi kula mara mbili kwa tumbo moja. Angesemaje kwamba ameshiba, na nyumbani inajulikana hajala popote? Akaona heri asukume sahani.

"Chakula chako hakina ubaya wowote," aliongeza. "Ni yule kuku wa sabuni tu."

Dorkas hakujua alie au acheke. Alilia kidogo. Elina akamsogezea kigoda na kumpa kitunguu akate, ili machozi yapate sababu.

Palepale wakapatana. Dorkas hatasema neno kwa Sostenes wala kwa mzee Hezekia. Elina atamwonyesha mapishi yake. Na Jumapili, mbele ya mgeni, Mama Raheli atakula mpaka sahani ilambwe.

Yule msichana wa sare aliingia kuchukua sahani. Alikuwa ni Jenifa, bintiye Elina, aliyezaliwa mjini baada ya mama yake kutoroka. Sasa Dorkas akajua alimfahamu kutoka wapi. Alikuwa ni Flora mwenyewe, aliyerefuka.

Alikuwa ameanza kutulia, mpaka Elina alipovuta dumu la mafuta ili akaange vitunguu.

Dumu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha kitambaa. Kitambaa cha bluu chenye ndege weupe. Dorkas alikifahamu. Ni masalia ya gauni alilomshonea Flora Pasaka, na aliyekuja kuyaokota chini ya cherehani alikuwa Sostenes, akisema yanafaa kuzibia madumu kiwandani.

Aliuliza mafuta yale yametoka wapi. Elina akasema huletwa na bodaboda kila yakikaribia kwisha, mama ndiye anayeagiza. Mama Raheli akasema yeye hajaagiza mafuta tangu azaliwe. Alidhani Elina ananunua. Mama na mwana wakatazamana.

Dorkas alikata vitunguu mpaka vikawa maji.

Jioni alimkuta Sostenes uani ananawa, akisugua mafuta mikononi kwa majivu. Alimshikia kata, akammwagia maji. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya kawaida, dumu lenye kitambaa cha Flora lilifikaje kwa Mama Jeni.

Mikono ya Sostenes ilisimama.

Aliangalia kwanza dirisha la chumba cha mama yake. Halafu akakaa kwenye jiwe. Alisema alijua tangu mwezi ule mama yake alipofika. Alimfuata siku moja, akasimama nje ya yale mabati, akaisikia sauti ya dada yake, akashindwa kuingia. Baba yake alipoapa, yeye alisimamishwa pembeni, naye akaapa. Wazee wote walioshuhudia wamekufa, kabaki mmoja, Hezekia. Kwa hiyo hamtaji Elina, wala hali kwake. Ila kwenye kiapo hapakusemwa kitu kuhusu mafuta.

"Kwa hiyo ulijua mama ameshiba," alisema Dorkas.

"Nilijua."

"Nikihangaika na makongoro, ulijua. Nikienda kuulizauliza kwenye mahoteli ya watu, ulijua. Ukaona heri nionekane mimi ndiye simlishi."

Sostenes alijifuta mikono. "Nilidhani utazoea," alisema.

Dorkas aliiweka kata chini. Alitaka kuondoka, lakini lile jina lilikuwa limemkaa kooni, na alijua kuwa likilala humo halitatoka.

"Wale ng'ombe wasingerudi, ungemwoa Febronia?"

"Ningemwoa," alisema Sostenes. Ni mtu asiyejua kudanganya kwa haraka.

Tangu hapo Dorkas hakusema naye, isipokuwa mbele ya mtoto. Kila mchana alikwenda Misuna. Elina hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Alimshika mkono, akamwongoza. Alimwonyesha kubanika kuku kwa moto wa mbali, kutwanga karanga zikiwa bado na joto, kutia magadi kidogo sana kwenye mlenda na kuukoroga mpaka unyooke kwenye mwiko kama uzi. Ijumaa alipika nyumbani. Mama Raheli alikula. Jumamosi alikula tena, na safari hii hakujilazimisha. Sostenes alimega tonge la kwanza, akatafuna polepole, akainamisha kichwa, na hakukiinua mpaka alipomaliza.

Ungedhani Dorkas atafurahi. Hakufurahi. Alikuwa amezunguka mji mzima kutafuta pishi la kumpendeza mama mkwe, amelipata, na sasa kila akilipika anasikia amebeba siri za watu watatu kwenye sufuria moja, na yake hamna.

Jumapili mzee Hezekia alifika mchana, ametoka moja kwa moja kwenye basi, mrefu, mkavu, koti limefungwa vifungo vyote. Dorkas alipiga goti akamwamkia. Mzee akaitikia, akauliza habari za Iguguno, akauliza alizeti ya huko imekubalije, akakaa. Flora alikuwa amepelekwa kwa Martha acheze, ili wakubwa waongee.

Chakula kilitengwa. Mama Raheli alishambulia ugali kama aliyetoka kulima. Mzee Hezekia alimtazama shemeji yake, akaitazama sahani yake mwenyewe, akaanza. Alikula muda mrefu. Alipoomba mboga iongezwe, Dorkas alihisi mabega yake yameshuka.

Kisha mzee akauliza mkwe amejifunza wapi kupika namna hii, maana mapishi ya Iguguno anayajua.

Dorkas alifungua mdomo, lakini Sostenes alimtangulia.

"Kwenye mahoteli, baba. Huyu anazunguka sana mahotelini."

Huenda alitaka kusaidia. Huenda alikuwa anafunika sufuria tu. Lakini uso wa mzee ulibadilika. Aliweka tonge chini. Alisema mke wa mtu, mwenye mtoto mdogo, kuzurura hoteli kwa hoteli katikati ya madereva si jambo la kulisema huku unakula. Sasa anaelewa kwa nini shemeji yake alikuwa na njaa. Akasema Mama Raheli afungashe, kesho anarudi Nduguti, na huyu binti naye afungashe akajifunze kukaa nyumbani.

Dorkas alimtazama mumewe. Alimpa nafasi. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, akingoja Sostenes aseme hata neno moja. Sostenes alikuwa anachora kwa kidole pembeni ya sahani.

"Sikufundishwa hotelini kwa watu, baba," alisema Dorkas. "Nimefundishwa na wifi yangu Elina. Anaishi hapahapa mjini. Mama anakula kwake kila siku, na mume wangu anampelekea mafuta."

Alilisema lote kwa mkupuo, kama anayemwaga maji machafu.

Mzee Hezekia alivuta bakuli la maji, akanawa kidole kimoja kimoja.

"Yuko mbali?"

"Misuna. Nyuma ya soko la vitunguu."

Mzee akasimama, akachukua kofia. Sostenes naye aliinuka, akaenda kusimama mlangoni.

"Dorkas," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Flora azaliwe.

"Nipishe," alisema mzee Hezekia. Halafu akamgeukia Dorkas. "Wewe uliyesema, niongoze."

Mama Raheli alikuwa amemshika Dorkas mkono wa gauni, kwa nguvu, uso umesawajika. "Mama Flora," alisema. "Mtoto."

"Yuko kwa Martha, mama. Usiwe na wasiwasi."

Mzee mtu alikuwa ameshatoka. Dorkas akajinasua, akamfuata.

Bajaji iliwashusha karibu na stendi, wakakata katikati ya maghala, upepo unawapiga maganda ya vitunguu usoni. Dorkas alikuwa anatembea mbele, na ndani kabisa alisikia wepesi ambao hakuujua kwa muda mrefu. Alijiambia kuwa litakalokuwa na liwe. Angalau leo kila mtu atakula mahali pake, kwa jina lake.

Elina alikuwa anapakua wali. Aliinua macho akaona nani amesimama mlangoni. Aliweka upawa chini, akafuta mikono, akapiga goti palepale kwenye majivu.

"Shikamoo, baba."

Mzee Hezekia hakuitika. Wateja waliacha kutafuna. Alivuta benchi, akakaa, akawa kama mtu aliyechoka ghafla.

"Mimi sikuja Singida kwa sababu ya ugali wa shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Wala sikujua uko wapi, mpaka leo huyu aliponiambia. Gaspari alikuja kwangu. Amesikia kwamba ulipotoroka ulikuwa na mimba. Anasema damu yake iko mjini humu na anaitaka."

Dorkas alilisikia tena lile neno la Mama Raheli, mtoto, na safari hii akalielewa. Aliegemea nguzo.

"Tumekuja basi moja," aliendelea mzee. "Yuko hapo stendi. Nimemwambia anisubiri nikasalimie kwanza. Lakini kabla hatujaondoka Nduguti nilimwapia, Elina. Nilimwambia familia yetu haina mtoto wa namna hiyo. Niliapa mbele ya mchungaji." Akamtazama binti wa kaka yake kwa mara ya kwanza. "Sasa niambie wewe. Niliapa uongo?"

Elina hakumtazama mzee. Alikuwa anamtazama Dorkas, na Dorkas hakuweza kuyainua macho yake.

Pazia la jikoni likafunuliwa. Jenifa akatoka na jagi la maji ya moto, beseni mkono wa pili, kama anavyofanya kwa kila mgeni anayekaa kwenye benchi lile. Akapiga goti mbele ya mzee.

"Shikamoo, babu. Karibu unawe."

Mzee Hezekia alimtazama lile paji la uso, na yale masikio. Kisha akanyoosha mikono yake juu ya beseni, mikono iliyokwisha kunawa. Jenifa akaanza kummiminia maji.